Kipimo gani cha chumvi ninunue? Mwongozo kwa wenye matangi ya samaki wa baharini, Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukilipa, simu yangu huanza kuita. Mtu ameshanunua kioo, pampu ameshapata, madumu ya maji ya bahari yamejipanga sebuleni, na swali ni lile lile la mwaka jana: "Kaka, kipimo cha chumvi ninunue kipi?" Wengine huuliza cha bei nafuu ni kipi, wengine huuliza cha Mjerumani kinapatikana wapi. Swali lenye faida siulizwi: nikishakinunua, nitajuaje kama kinanidanganya?

Mimi nililijibu kwa hasara. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa kile cha plastiki chenye mshale unaopanda na kushuka. Kila nikipima, mshale unasoma chini, nami naongeza chumvi. Kamba wakaanza kufa, mmoja leo, mwingine kesho kutwa. Mwezi wa kumi, ukame mtupu, maji yamejaa, nikaenda ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, nikachota maji ya bahari na kuyapima kwa kifaa kile kile. Mshale ukasimama 1.022, wakati maji ya bahari hutakiwa kusoma kama 1.026. Bahari yote ile haiwezi kuwa imekosea. Nilipokiangalia vizuri nikaona kwenye mhimili wa mshale kuna ukoko mweupe wa chumvi, mdogo kuliko punje ya mchele, na ndio uliokuwa ukiuzidishia mshale uzito. Tangi langu lilikuwa limeshafika karibu gramu 40 za chumvi kwa kilo ya maji, badala ya 35.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na duka. Unaanza na namna ya kukikamata kipimo kikisema uongo.

Nadharia, kidogo tu

Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Kwenye vifaa utaona 35 ikifuatwa na herufi ppt au alama ‰. Ukilinganisha uzito wa maji hayo na wa maji yasiyo na chumvi ya ujazo ule ule, yote yakiwa nyuzi 25 za Selsiasi, unapata 1.0264. Na umeme unavyopita ndani yake, kwa joto hilo hilo, ni 53 mS (milisiemeni) kwa sentimita. Namba hizo tatu zinasema jambo moja. Ziandike kwenye daftari, utazihitaji.

Uwe na hivi kabla hujanunua kipimo

- Chumvi laini ya mezani, pakiti mpya, kavu. Chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Lindi sina ugomvi nayo kwenye mchuzi, lakini kwa kazi hii haifai: ina unyevu, na ndani yake mna chumvi nyingine zaidi ya ile ya kawaida.
- Mizani ya kidijitali. Ya sonara inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu ndiyo bora. Ya jikoni inayohesabu gramu moja moja nayo inatosha, nitakuonyesha njia.
- Maji yaliyokenekwa, yale ambayo mafundi huongeza kwenye betri za magari. Soma lebo. Duka hilo hilo huuza asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana, na asidi hiyo inaunguza ngozi na macho.
- Chupa safi yenye kifuniko kinachobana.
- Kipimajoto cha maji.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka duka la dawa, la kudondoshea matone.
- Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha kanga iliyochakaa ni kizuri kuliko taulo jipya.
- Daftari.

Hatua ya 1: Amua unafuga nini

Ukifuga samaki peke yao, chumvi ikicheza kati ya 30 na 35 wanavumilia, mradi isipande na kushuka ghafla. Ukiweka matumbawe, kamba au konokono, lenga 35 na usitoke nje ya 33 na 36. Wa kwanza anaweza kuridhika na kipimo kinachokosea kwa 2. Wa pili hawezi. Wafugaji wa mwatiko wa mabwawani hunipigia pia. Nyinyi samaki wenu anahimili mabadiliko makubwa, msijitie gharama za watu wa matumbawe.

Hatua ya 2: Viache vifaa vya kazi nyingine

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, maana kila mtu ana rafiki mwenye "kipimo cha chumvi".

Cha fundi betri, kile cha kioo chenye mpira wa kuvuta asidi, husoma kuanzia 1.100 kwenda juu. Sisi tunatafuta 1.026. Ukikitumbukiza kwenye maji ya bahari kinazama tu.

Cha wazalisha chumvi ni haidromita (kipimo kinachoelea) halali kabisa, lakini imepangwa kwa digrii za Bome, hesabu yao ya uzito wa maji ya chumvi, na wao wanasubiri maji yao yafike kama 25 ndipo chumvi ianze kuganda. Maji ya bahari ya kawaida kwao ni chini kidogo ya 4. Mzee mmoja wa mashamba ya chumvi nilimwomba nijaribu chake, akacheka: "Mwanangu, hayo unayopima wewe kwetu bado hayajaanza kazi." Ni kweli. Mistari ya chini ya kifaa chake imebanana, huwezi kutofautisha 33 na 36.

Kalamu ya kupimia ubora wa maji ya kunywa ndiyo inayoua samaki wengi. Imeandikwa TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini, ni rahisi, inapatikana kila mahali. Nyingi zinaishia karibu na 9,990 ppm (sehemu kwa milioni), na maji ya bahari yana 35,000. Itakuonyesha 1 peke yake, au namba ya ajabu ambayo mtu mwenye matumaini ataiamini.

Cha kupimia sukari kwenye juisi au asali kinafanana kama pacha na refraktomita tunayoitaka, kile cha kuchungulia cha Hatua ya 3. Angalia maandishi: kikiwa na neno Brix, mrudishie mwenyewe.

Na yai? Yai bichi linazama kwenye maji ya bahari yenye 35, na linazama pia kwenye yenye 20. Likaange.

Hatua ya 3: Chagua kati ya vitatu vilivyobaki

*Haidromita.* Ziko mbili. Ya mshale wa plastiki nimeshaisema. Ukoko ukiishika inasoma chini, viputo vya hewa vikiushika mshale inasoma juu, na mara nyingi yote mawili yanatokea wiki moja. Kwa mwenye samaki watupu aliyebanwa na bajeti, sawa, mradi aioshe kila akimaliza. Ya kioo inayoelea ni kifaa cha heshima: haina betri, haina skrubu, haichakai. Ina maadui wawili. Wa kwanza ni barabara. Ikitumwa kwa basi kutoka Dar inaweza kufika nzima huku karatasi yenye mistari iliyoko ndani ya shingo imeteleza, na hutajua kwa macho. Wa pili ni joto. Nyingi zimepangwa kwa nyuzi 15.6, na maji yetu hayajawahi kuona nyuzi hizo. Ukiitumia kwenye maji ya nyuzi 25 yenye 35 kamili itasoma karibu 1.024, nawe utaongeza chumvi bure. Tafuta iliyoandikwa 25, au uwe na jedwali la kurekebishia.

*Refraktomita.* Hiki ni cha kuchungulia. Unadondosha matone kwenye kioo chake, unatazama mwangani, unasoma pale bluu inapokutana na nyeupe. Hakihitaji umeme wala maji mengi, na ukikitunza utadumu nacho miaka. Kwa anayeanza Mtwara au Lindi mimi huwaambia wanunue hiki, na sababu ni moja: kina skrubu. Kikikosea unakirudisha mwenyewe, bila fundi.

*Kipimo cha umeme.* Kinapima jinsi umeme unavyopita majini na kukugeuzia kuwa ppt. Kizuri ni kizuri kweli, lakini angalia mambo matatu: kifike angalau 53 mS na kipite kidogo, kijirekebishe kwa joto, na kije na maji ya kusawazishia ya 53 mS au 35 ppt. Kikija na pakiti za 1413 µS au 12.88 mS peke yake, kitasawazishwa mbali sana na mahali unapokitumia. Ni kama kujaribu mizani ya gunia kwa kupima vitunguu viwili.

Hatua ya 4: Soma kifaa kabla ya kulipa

Kama unaagiza Kariakoo, mwombe muuzaji akupigie picha ya skeli kwa ndani, siyo picha ya boksi. Kwenye refraktomita unatafuta:

a) Skeli inayofika 70 au 100 ppt. Inayofika asilimia 28 ni ya maji ya kuhifadhia vyakula, mistari yake imebanana mno.

b) Herufi ATC, maana yake kinajirekebisha kwa joto. Usiamini kupita kiasi: nyingi zinajirekebisha kati ya nyuzi 10 na 30 tu. Chumba cha bati mwezi wa Desemba, saa nane mchana, kiko nje ya mpaka huo. Pima asubuhi.

c) Kama imeandikwa ni ya maji ya bahari au ya chumvi ya kawaida. Zinafanana, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Ile ya chumvi ya kawaida, ikisawazishwa kwa maji matupu, itakuonyesha 35 wakati tangi lina kama 33.6. Usigombane na muuzaji. Hatua ya 6 itakufichulia, na dawa yake ni nyepesi.

Hatua ya 5: Tengeneza maji ya kulinganishia

Unaweza kununua ya chupa, 35 ppt. Yakikosekana, fanya hivi.

Weka chupa tupu juu ya mizani, irudishe sifuri. Tia gramu 36.5 za chumvi ya mezani. Ongeza maji yaliyokenekwa mpaka mizani isome gramu 1,000. Funga, tikisa, acha mpaka punje zote ziyeyuke. Mizani yako ikiwa ni ya jikoni, tengeneza mara mbili yake: gramu 73 za chumvi, kisha maji hadi jumla ifike 2,000. Kosa la nusu gramu halitakuumiza sana hapo.

Maji hayo yanapinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Nasema mwanga, sikiliza vizuri, kwa sababu kosa la wengi liko hapa: chupa hiyo ni ya refraktomita tu. Kwa haidromita ya kioo, chumvi iwe gramu 37.1 katika jumla ile ile ya 1,000. Kwa kipimo cha umeme iwe gramu 32.9. Chumvi ya mezani haina magnesi na salfeti kama maji ya bahari, ndiyo maana kila kipimo kinaiona kwa jicho lake. Andika juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika ni ya kifaa gani na umeitengeneza lini. Kifuniko kikilegea maji yanapungua, chumvi inabaki, na kipimo chako kinaharibikiwa na mwalimu wake.

Hatua ya 6: Sawazisha

Kwa refraktomita:

1. Acha kifaa na chupa vikae chumba kimoja nusu saa, mbali na jua.
2. Osha kioo kwa maji yaliyokenekwa, futa kwa kitambaa, usisugue.
3. Dondosha matone mawili matatu, teremsha kifuniko taratibu. Ukiona kiputo, inua urudie.
4. Hesabu sekunde 30 ili tone lishike joto la kioo. Watu hawasubiri. Subiri.
5. Elekeza dirishani, siyo kwenye jua lenyewe. Jicho lako ni moja kila upande.
6. Zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mpaka wa bluu ukae juu ya 35.
7. Osha, futa, sasa weka maji matupu yaliyokenekwa. Kikisoma 0 au karibu sana na 0, una kifaa cha maji ya bahari. Kikiteremka chini ya sifuri kama kwa 1.5, una kile cha chumvi ya kawaida. Usirudishe sifuri. Sisi hatufugi samaki kwenye sifuri. Kiache kikiwa sawa kwenye 35.

Haidromita haina cha kuzungusha: itumbukize kwenye chupa yake ikiwa nyuzi 25, soma usawa wa maji (siyo ule mdomo unaopanda kwenye shingo), na uandike tofauti na 1.026 kwa wino kwenye boksi lake. Ikisoma zaidi unatoa, ikisoma pungufu unajumlisha, kila siku.

Hatua ya 7: Kijaribu siku tatu kabla ya kukiamini

Pima maji yale yale ya chupa asubuhi siku tatu mfululizo, mara tatu kila siku, kila mara ukiosha na kuanza upya. Namba zikikaa ndani ya 1, kifaa ni chako. Zikiruka ruka, 34 leo, 37 kesho, kirudishe mapema kabla muuzaji hajakusahau. Kifaa kinachokosea kwa 2 kila siku ninakipenda kuliko kinachosema kweli siku moja moja.

Hatua ya 8: Pima tangi

Chukua maji katikati ya tangi pampu ikiwa inafanya kazi, siyo pembeni wala juu ulipotoka kuongeza maji. Andika tarehe, saa, joto, namba. Mara mbili kwa wiki inatosha mwanzoni.

Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji yasiyo na chumvi. Wengi wetu bahari iko mlangoni, mkono unakwenda kwenye dumu la bahari bila kufikiri. Hesabu: tangi la lita 100 lenye 35 likipungua lita 5 linafika karibu 36.8. Ukiongeza lita 5 za bahari linabaki karibu pale pale, 36.75, na ukirudia tena juma linalofuata uko 38.5. Weka alama ya plasta kwenye kioo, usawa wa maji, uongeze hadi hapo.

Hatua ya 9: Beba kipimo ufukweni

Usijaze madumu kabla ya kupima. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua zinabadilisha kila kitu, na wakulima wa mwani watakueleza vizuri kuliko mimi. Maji ya mto ni mepesi, yanatandaa juu ya yale ya chumvi, kwa hiyo karibu na Lukuledi kwa upande wa Lindi, au kuelekea Ruvuma, unaweza kuchota ya juu ukapata 25 na chini yake kuna 34. Ndani ya Mikindani nako, baada ya mvua ya usiku, usichukue. Nenda maji yakiwa yamejaa, mahali panapotazamana na bahari wazi, na uchote chini ya usawa wa kiuno.

Kama unafikiria kuchukua na viumbe, jua kwamba Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya Ruvuma, pamoja na Msimbati, ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Ulizia kibali kwanza.

Mambo yakikataa

*Mpaka wa bluu una ukungu.* Matone machache, au kioo kina mafuta ya vidole. Osha kwa tone la sabuni laini, suuza sana, rudia.

*Hakuna bluu kabisa.* Umeshika kifaa juu chini, au kifuniko hakijalala. Zungusha pia jicho la kuchungulia.

*Namba inapanda unapoendelea kutazama.* Tone linakauka. Soma baada ya sekunde 30, siyo baada ya kupokea simu.

*Kipimo changu kinasema 35, cha jirani 32.* Msibishane. Vyote vipime kwenye chupa ya kulinganishia, kila kimoja ya aina yake.

*Cha umeme kinaonyesha pungufu ghafla.* Tikisa ncha yake majini kutoa viputo, kisha angalia betri. Ukikausha na chumvi yake bila kuosha, ndiyo mwanzo wa hayo.

*Nimegundua tangi limefika 40, nifanye nini?* Usilirudishe siku moja. Toa maji kidogo, weka yasiyo na chumvi, shusha 1 kwa siku. Likiwa limeshuka mno, lipandishe taratibu zaidi ya hapo. Kupanda kunawaumiza samaki kuliko kushuka.

*Refraktomita imeanguka.* Usikague ganda, kagua chupa. Yangu imeanguka mara mbili kwenye sakafu ya saruji. Mara ya kwanza haikusogea. Mara ya pili ilisoma 37 kwenye maji ya 35, nikazungusha skrubu robo duara, na asubuhi hii ndiyo niliyopimia.